Makumbusho ya Lamu: nendeni mkaone, halafu tuongee ile ya historia ya watu weusi

Makumbusho ya Lamu, hii iliyo mbele pale baharini si mbali na gati, mimi naipa nyota nne na naanza na uzuri wake manake inastahili. Kwanza siwa, lile baragumu la kupuliza. Kama hujaiona siwa ya Pate kwa macho yako basi nenda hata kwa hio peke yake, pembe ya ndovu ndefu kuliko mtu mzima, imechongwa nakshi ukiangalia karibu unaona mkono wa fundi ulivotulia, na kuna na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Hizi zilikuwa hazipulizwi ovyo, ni harusi na shughuli za watawala na waungwana. Nilienda na mtoto wa dadangu, akaitazama weee halafu akaniuliza, "Mjomba, hii pembe ilibebwa na nani mpaka ikafika huku?"

Hilo swali ndio limenifanya niandike hii rivyuu. Manake maneno ya kupanga makumbusho ya historia ya watu weusi hapa kwetu yanazungumzwa barazani kila siku, na kila ukisikiliza watu wako kwa jengo: kiwanja kiko wapi, ghorofa ngapi, nani atatoa pesa, lango liweje. Jamani jengo ndio la mwisho! Angalieni wale wa Marekani na makumbusho yao ya historia ya watu weusi kule Washington. Sheria ya kuianzisha ilipita 2003, mkurugenzi wa kwanza Lonnie Bunch akashika kazi 2005 hana hata kitu kimoja cha kuonyesha, akazunguka miji tofauti akiomba watu wa kawaida walete vilivyo madarini na kwenye masanduku ya mabibi zao, wataalamu wanakaa na wewe wanakuonyesha namna ya kutunza chako hata kama hutoi. Mlango ukafunguliwa 2016. Na aliyeongoza uchoraji wa lile jengo, David Adjaye, amezaliwa Dar es Salaam, kwa hivyo tusijione tuko mbali na hayo mambo.

Tena tumo ndani yake kabisa. Mule kuliwahi kuwekwa vitu vya meli ya Wareno, São José, iliyotoka Msumbiji, pwani hii ya kwetu, na watumwa zaidi ya 400 ikavunjika karibu na Cape Town mwisho wa 1794, wakafa zaidi ya 200. Kilichowafanya wapiga mbizi waitambue hio meli ni vipande vya chuma vya farumi. Nyinyi mabaharia mnajua farumi ni ya nini, jahazi likiwa jepesi unatia uzito chini, na binadamu ni shehena nyepesi, kwa hivyo walitia chuma. Kipande cha chuma tu, lakini ukishaelezwa kazi yake unakaa kimya.

Sasa rudi Lamu. Ukimaliza siwa pita uangalie mambo ya nyumba ya Kiswahili, milango, vitanda, viti vya enzi, vyote vimepangwa vizuri na maelezo yanasomeka. Halafu toka uingie mtaa wa Mkomani uangalie nyumba zenyewe. Vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu upana ni urefu wa boriti la mkoko na boriti lina mwisho wake. Hayo maboriti yalikatwa na watu, mawe ya matumbawe yakachimbwa na watu, chokaa ikachomwa na watu, na wengi wao walikuwa watumwa, na kwenye nyumba nyingi za ghorofa wao walilala chini na mizigo, wenyewe wako juu na zidaka zao za ukutani. Mimi nataka makumbusho itakayoanzia chini pale. Kuna makumbusho moja nimewahi kuingia, jina nalihifadhi, inaeleza mji mzima wa mawe na hakuna palipoandikwa mtumwa, yani nyumba zilijijenga zenyewe.

Najua ugumu uko wapi. Utumwa kwenye pwani hii ya Kenya ulifutwa kisheria 1907, hio si zamani, ni babu ya mtu. Kuna familia zinajua na hazisemi, na ukisema ya mwenzako kwenye posa au ugomvi umemvunjia heshima. Kwa hivyo anayepanga asiende na orodha ya majina, aende na subira, akae na wazee, arekodi sauti, na mtu achague mwenyewe jina litoke au lisitoke. Hio kazi ya miaka kabla ya tofali la kwanza, na bajeti yake iwe kubwa kuliko ya lango.

Na isiwe ya utumwa tu. Witu, ule mji wa bara, pale kwa Sultani Ahmad, yule Simba, watumwa waliotoroka walikimbilia wakapata hifadhi wakalima wakaishi, mpaka Waingereza walipokuja kuupiga mji 1890. Hio ni stori ya watu weusi kujikomboa na iko mwendo wa gari kutoka Mokowe! Wapokomo, Waboni, Wabajuni nao wawe na sauti yao wenyewe, wasimuliwe na wao.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja, ukitoka hapo unataka uendelee kusikia na mengi yametawanyika. Ngome iko katikati ya mji, ilijengwa kati ya 1813 na 1821 na ilikuwa jela mpaka 1984, ingia. Na kama una siku ya pili vuka Manda uende Takwa, magofu mazuri, na kisiwani huko ndiko mkoloni aliwafunga wapigania uhuru miaka ya hamsini, Pio Gama Pinto akiwemo. Elewana na nahodha mapema muende maji yamejaa, yakitoka ule mkondo wa mikokoni haupitiki.