Toleo la kwanza lenye sahihi: duka la vitabu vya zamani, Wandegeya

Kwa miaka minne nilitafuta toleo la kwanza la Weep Not, Child lenye sahihi ya mwandishi, na mwezi uliopita nililipata katika duka dogo la vitabu vya zamani hapa Wandegeya, Kampala, mwendo mfupi kutoka lango la Makerere, chuo ambako Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika riwaya hiyo akiwa mwanafunzi. Nakala yangu ni ya jalada laini, namba 7 katika mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Afrika.

Ninalisifu duka hili kwa sababu ya ukweli wa mwenyewe. Kabla sijauliza bei, mzee alinifungulia ukurasa wa taarifa za uchapishaji, akanionyesha kuwa umeandikwa mwaka 1964 peke yake, bila ile orodha ya miaka ya kuchapwa upya ambayo wauzaji wengi huipuuza wanapoita kila nakala kuukuu "ya kwanza". Kisha akageuza hadi ukurasa wa jina. Lililochapwa pale ni James Ngugi, kwa kuwa mwandishi alikuwa bado hajaliacha jina la ubatizo, ilhali sahihi iliyo chini yake, kwa wino wa buluu uliofifia, inasomeka Ngũgĩ wa Thiong'o. Mzee alinieleza waziwazi kwamba kwa hiyo kitabu kilitiwa sahihi miaka mingi baada ya kutoka, na kwamba anayetaka sahihi ya siku zile za mwanzo asikichukue. Mimi nilikipenda zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Niliwahi kuuziwa kwingine sahihi iliyochapwa kwa mashine, hivyo safari hii niliupapasa ukurasa kwa nyuma, nikauhisi mkwaruzo wa kalamu.

Bei ilikuwa shilingi za Uganda milioni moja na laki mbili, nami siioni kuwa kubwa. Kilichoniudhi ni selotepu iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu, ambayo imeshageuka njano na haiwezi kubanduliwa bila kuichana karatasi. Duka linalojua thamani ya vitu hivi lisiruhusu ukarabati wa namna hiyo. Halitoi pia stakabadhi inayokieleza kitabu chenyewe, na tangu mwandishi afariki Mei 2025 maelezo hayo yana uzito zaidi, kwani hakuna sahihi nyingine itakayoongezeka. Nilipomwomba, mzee alichukua karatasi, akaandika mwaka, hali ya jalada na mahali alipokinunua, akagonga mhuri.