Orodha ya pamoja ya Spotify kwa mashabiki wa metali: uzoefu wangu Mombasa

Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilifunguliwa Kenya mwaka 2021, na tangu hapo orodha ya pamoja ndiyo njia ninayotumia kubadilishana nyimbo na mashabiki wenzangu. Kwa muziki tunaoupenda sisi sijaona kinachoishinda. Ni aina mbili za metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, ambazo hapa Mombasa huzisikii redioni wala kwenye matatu. Ya kwanza ni metali ya asili, inayochanganya gitaa la umeme na ala za jadi na nyimbo za wazee. Ya pili ni pawa metali, ya mwendo wa kasi, sauti za juu na viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima. Wapenzi wake tu wachache, tumetawanyika Nyali, Kisauni, Likoni na Mji wa Kale, na orodha hiyo ndiyo baraza yetu.

Mmoja hufungua orodha akawatumia wenzake kiungo cha mwaliko. Kuanzia hapo kila aliyeingia anaweza kuongeza wimbo, kuuhamisha au kuufuta, na kila wimbo unaonyesha aliyeuweka. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Zamani tulikuwa tukitumiana nyimbo kwenye WhatsApp. Wimbo ukija asubuhi, jioni umeshafunikwa na salamu za Ijumaa, kadi za harusi na picha za mpira. Kwenye orodha wimbo unakaa, na wewe uliyeuweka umeudhamini kwa jina lako. Watu wamekuwa waangalifu mno tangu hapo.

Lakini faida kubwa ni mpangilio. Mgeni ukimfungulia moja kwa moja "Through the Fire and Flames" ya DragonForce, dakika saba na zaidi za magitaa yanayofukuzana, atakurudishia simu kabla ya kiitikio cha pili. Sikio la pwani limezoea udi na fidla, basi lipokewe kwa hivyo. Wimbo wetu wa kwanza ni "Believer" wa Myrath, bendi ya Tunisia, kutoka albamu yao ya mwaka 2016, Legacy. Zaher Zorgati anaivuta sauti Kiarabu hasa, na magitaa yanamfuata bila kumfunika. Nilimsikilizisha mjomba wangu, mtu wa taarab ya Zein l'Abdin tangu ujana wake, asiyetaka hata kusikia habari za gitaa la umeme. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mahadhi hawa wanayajua, mwanangu. Hayo makelele ndiyo yenu." Kwangu huo ni ushindi mkubwa.

Baada yake tunaweka "Inis Mona" ya Eluveitie wa Uswisi, ya mwaka 2008. Mahadhi yake yametoka kwenye "Tri Martolod", wimbo wa mabaharia wa Bretagne kule Ufaransa, na mtu wa pwani huushika upesi. Humo pia ndimo mgeni anapokutana na ile sauti ya kukoroma kwa mara ya kwanza. Mwimbaji wao Chrigel Glanzmann anakoroma beti, halafu filimbi na kile kinanda cha nyuzi kinachozungushwa kwa mkono vinarudi na lile wazo la mabaharia. Mtu asiyeipenda sauti ile huvumilia kwa kujua kwamba mahadhi yanarudi. Ningempa mgeni wimbo wa kukoroma mwanzo mwisho, ningempoteza.

Kisha zinafuata safari za mbali zaidi. Týr wa visiwa vya Faroe wana "Ormurin Langi", utenzi wa jahazi la kivita la mfalme Olav Tryggvason, ambao watu wa kwao huuimba wakicheza kwa kushikana mikono katika duara. The Hu wa Mongolia wapo na "Wolf Totem". Mwenzetu mmoja aliyekulia kwenye harusi za Kihindi alituletea Bloodywood wa New Delhi na albamu yao Rakshak ya mwaka 2022. Dhol, ile ngoma ya Kihindi, ikilia pamoja na magitaa yale, hakuna anayekaa kitini.

Kwa pawa metali, mlango wetu ni "The Bard's Song – In the Forest" ya Blind Guardian, Wajerumani, ya mwaka 1992. Ni wimbo mtulivu, na kwenye maonyesho yao mwimbaji Hansi Kürsch huwaachia watazamaji wauimbe. Aliyeupenda huo tunampa albamu nzima ya Nightfall in Middle-Earth ya mwaka 1998, waliyoitunga kutokana na kitabu cha Tolkien, The Silmarillion. Hapa nina ombi kwa kila mtumiaji: zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Albamu ile ina vipande vifupi vya masimulizi katikati ya nyimbo, na ukizichanganya umekikata kisa vipande vipande.

Kuhusu bando, niwe wazi. Ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama MB 2.4 kwa dakika. Wimbo "Keeper of the Seven Keys" wa bendi ya pawa metali Helloween una zaidi ya dakika 13, kwa hiyo peke yake unavuka MB 30. Ukishuka hadi kilobiti 96, unatumia kama MB 10, ila matoazi yanakuwa mchakacho, na kwenye metali ya asili filimbi inazama chini ya magitaa, na filimbi ndiyo tuliyoifuata. Ndiyo maana mimi hulipia toleo lisilo na matangazo. Nashusha nyimbo kwa ubora wa juu palipo na Wi-Fi, kisha nikiwa kwenye feri ya Likoni nasikiliza bila bando.

Mapungufu yapo. Kila mshiriki anaweza kufuta wimbo wa mwenzake, kwa hiyo alikeni watu mnaoaminiana. Tuliwahi kuvutana juu ya "Vodka" ya bendi ya Korpiklaani, kwani baadhi yetu hatutaki nyimbo za kusifu pombe. Tukafungua orodha ya pili, na kila mtu akaridhika. Pia orodha nzima ina nafasi ya maelezo, lakini wimbo mmoja mmoja hauna, na nyimbo hizi zinahitaji maneno. Sisi hutumiana ujumbe wa sauti: huu unaimbwa kwa lugha gani, kisa chake ni kipi, sikiliza wapi.

Finntroll tunawaweka mwisho kabisa. "Trollhammaren" ya mwaka 2004 inaimbwa Kiswidi na bendi ya Ufini, kwa mdundo wa humppa, ngoma ya dansi ya kwao, na sauti imekwaruza tangu mstari wa kwanza. Kila tuliyempitisha kwenye nyimbo zote kwa zamu yake amefika hapo akicheka kwa furaha na kuuliza kama wana nyingine.