Kwenda Kuhesabiwa: Basi la Dar es Salaam hadi Himo Siku Mbili Kabla ya Krismasi

Tangu nilipoajiriwa Dar es Salaam mwaka 1995 nimekuwa nikipanda mabasi ya kampuni moja kila Desemba kwenda kwetu Marangu, mkoani Kilimanjaro, ukiacha miaka michache ambayo kazi au ugonjwa ulinizuia. Kampuni hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zimetapakaa katika njia nzima ya Kaskazini msimu wa sikukuu, na si haki kumbebesha mmoja mzigo wa wengi. Ninachokipima hapa ni huduma yao ya daraja la kati kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, hadi Himo, niliyoitumia Jumatatu ya tarehe 23 Desemba 2024 nikiwa na umri wa miaka 53, goti moja lisilopenda kukunjwa, na binti yangu wa miaka 19 ambaye angeachiwa hiari angebaki mjini.

Umri nimeutaja kwa makusudi. Watani wetu husema kwamba ikifika Desemba mji unakuwa mweupe kwa sababu Wachagga wamekwenda kuhesabiwa, yaani wamerudi makwao kwa sikukuu, na sisi wenyewe tumeshauzoea utani huo kiasi cha kuutumia tunapoomba likizo. Lakini anayekwenda kuhesabiwa akiwa na miaka 24 na anayekwenda akiwa na miaka 53 hawapandi basi moja, hata kama namba za usajili ni zile zile. Tathmini ya huduma hii itakayomfaa kijana haitamfaa mama yake, na nadhani ndiyo maana maoni ya abiria kuhusu kampuni hii hutofautiana kama mchana na usiku.

Nianze na tiketi. Niliikata mwishoni mwa Novemba kwa njia ya tiketi mtandao, jina langu na namba ya kiti vikatoka sawasawa, na ujumbe ukaingia kwenye simu ndani ya dakika moja. Hapo nawapa sifa bila kusita, kwani nakumbuka miaka ya Ubungo tulipokuwa tukilala stendi na kugundua alfajiri kwamba kiti kimoja kimeuzwa kwa watu watatu. Hata hivyo, mwenzangu wa ofisini aliyechelewa hadi tarehe 18 aliambiwa na wakala kwamba tiketi itaandikwa nauli halali lakini mfukoni atoe 15,000 zaidi, na asipotaka wapo wanaotaka. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hutangaza kila mwaka kwamba kupandisha nauli kiholela ni kosa, na hutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine ili kuziba pengo; wakala naye anajua fika kwamba mtu aliyeahidi nyumbani kuwa anakuja hatageuka stendi kwa sababu ya shilingi 15,000.

Mzigo ndio ulioanza kuniudhi. Nilikuwa na kilo 25 za mchele, ndoo ya mafuta ya kupikia, blanketi ya mama na dawa zake za shinikizo la damu za miezi mitatu. Mchele na mafuta vilitozwa 10,000 bila stakabadhi, kisha vikasukumwa kwenye buti chini ya mabegi ya watu wa Moshi mjini, ingawa nilieleza mara mbili kwamba nashuka Himo. Zamani nilikuwa nasafiri na begi la mgongoni lenye suruali mbili na kaseti, nikiwacheka wazee wanaogombana na utingo kuhusu mafurushi. Sasa najua kwamba ndani ya ndoo ile kuna maandazi ya wajukuu wa nyumba nne.

Basi lenyewe ni zuri. Viti ni viwili kwa viwili, kiyoyozi kilifanya kazi hadi Chalinze kisha kikaamua kupumzika, kila kiti kina tundu la kuchajia simu, na tulipewa maji na soda baridi. Ile soda ilinirudisha mbali. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 12, sukari na sabuni zilikuwa adimu nchi nzima na vita dhidi ya wahujumu uchumi vilikuwa vimeanza, nasi pale nyumbani soda tuliionja mara moja kwa mwaka, tarehe 25, chupa moja watoto wawili, mkubwa akiweka kidole kwenye chupa kuonyesha mpaka. Baba, aliyekuwa karani bandarini, alipanda treni hadi Moshi na kufika jioni ya tarehe 24 na sukari kilo mbili, mche wa sabuni na raba za buluu ambazo nililala nazo kitandani. Krismasi kwangu ilikuwa ni zile raba. Ni baada ya kuwa na watoto mwenyewe ndipo nilipoanza kujiuliza ile sukari alipanga foleni siku ngapi, na kwa nini siku ile ya sikukuu alilala mchana kutwa.

Katika safari hii, kiti cha upande wa pili kilikaliwa na mtoto wa miaka kama saba aliyepakata boksi la viatu vipya kutoka Mbezi hadi Himo. Kila tulipopita tuta alilifungua kidogo, akachungulia, akalifunga.

Kuhusu mwendo, abiria wengi vijana wanalalamika, nami siko upande wao. Mabasi siku hizi yana kifaa kinachofuatilia mwendo, na dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa anajua kuna mtu anayemwona. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu tulimchangia fedha za soda dereva aliyetufikisha Himo saa 7 mchana, kwa sababu kuwahi kulikuwa sehemu ya sherehe: ulitaka kufika jua likiwa bado juu, upite Marangu Mtoni na nguo za mjini huku wenzako waliobaki nyumbani wakikuona, kisha uwanunulie mbege, pombe yetu ya ndizi. Leo nikikumbuka tulivyokuwa tukilipita lile daraja jembamba la zamani la Wami, napata baridi. Dereva wetu wa mwaka 2024 hakushindana na mtu, alisubiri kila lori kwenye milima, na ingawa tuliondoka Mbezi tumechelewa kwa saa nzima na robo, sikumsikia akitafuta kulipiza muda huo barabarani. Huyu angestahili zawadi ya kampuni.

Tatizo kubwa la huduma hii lilijitokeza Korogwe, ambako tulipewa dakika 20 za kula. Mgahawa ulikuwa umefurika abiria wa mabasi kama manane hivi, sahani ya chipsi na kuku ilikuwa na bei ya sikukuu, na foleni ya choo ilizunguka hadi nyuma ya jengo. Kijana anaweza kuvumilia, au akasubiri basi lisimame porini kwa ajili ya kuchimba dawa. Mama mtu mzima mwenye kisukari hawezi kuruka mtaro na kujificha nyuma ya mkonge. Dakika 20 zilipotimia honi ikapigwa, injini ikanguruma, na basi likaanza kurudi nyuma.

Binti yangu, ambaye tangu Kibaha alikuwa amejifungia ndani ya vipokea sauti vyake, akavitoa masikioni. "Baba, yule babu wa kiti cha 14 hajarudi."

Nikamwita kondakta. "Umewahesabu abiria?"

"Mangi, wote wamo, tunachelewa."

"Nimeuliza kama umewahesabu."

"Nimewaangalia."

Wakati tunabishana, mzee akatokea pembeni ya jengo akitembea na fimbo yake pole pole, mikono ikidondosha maji, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe zizini. Alipopanda, binti yangu akampa shikamoo na kumshika mkono hadi kwenye kiti. Kondakta alisema tu, "Samahani, mzee." Katika msimu ambao nusu ya abiria wana nywele nyeupe, kampuni iliyonunua viti vya kulala na matundu ya simu haijamfundisha mtu wake kuhesabu vichwa.

Mzee alikuwa anakwenda Rombo. Kuanzia Mombo hadi Same, milima ya Usambara na baadaye ya Upare ikitusindikiza upande wa kulia, tulizungumza kwa kuvuka korido. Nilimuuliza kwa nini asisafiri mapema, tarehe 10 kwa mfano, wakati mabasi yana nafasi. Alicheka. "Mdogo wangu, tarehe 10 nitamkuta nani?" Akanieleza kwamba nyama nyekundu amekatazwa na daktari kwa sababu ya miguu, mbege amekatazwa na mke wake, na kisusio, ile supu ya damu aliyokuwa akiigombania na kaka zake akiwa kijana, sasa anainusa tu. Walizaliwa saba. Mwaka juzi walikaa mezani watatu, mwaka uliopita wawili. "Huyu wa pili hana simu," akasema, "kwa hiyo lazima nikamwone kwa macho."

Sikuwa na la kujibu. Nilifikiria kihamba chetu, shamba la ukoo, ambako makaburi yapo pale pale kati ya migomba na kahawa, na ambako tarehe 25 baada ya ibada tunapita kuyafagia kabla ya kurudi kula mtori wa ndizi. Nikiwa mtoto nilikuwa naruka juu ya kaburi la babu nikikimbilia kuku. Siku hizi ndipo ninapoanzia.

Tulifika Himo saa 1 na dakika 40 usiku, karibu saa tatu nyuma ya muda ulioandikwa. Mchele wangu ulipatikana baada ya kushusha nusu ya buti, ndoo ya mafuta ikiwa imevuja kiasi cha kikombe kimoja juu ya begi la mtu. Hapa lazima niseme ukweli kamili: kondakta yule yule aliyeshindwa kuhesabu ndiye aliyebeba maboksi mawili ya mzee kichwani, akavuka naye barabara, akamtafutia gari la Tarakea na kumwambia dereva wake kwa ukali ahakikishe amemfikisha mlangoni. Hakuomba hata shilingi. Nilipomtazama vizuri chini ya taa niliona ni kijana wa umri wa binti yangu, na kwamba yeye Krismasi hiyo angeisherehekea barabarani.

Sisi tulipata Noah ya mwisho kwenda Marangu Mtoni. Mama, ambaye ana miaka 81, alikuwa kizingitini na tochi, akimulika uso mmoja mmoja tulipokuwa tukiingia, na midomo yake ikicheza. Binti yangu aliniuliza baadaye bibi alikuwa akisali nini. Hakuwa akisali.

Kwa alama kumi, ningekuwa na miaka 24 ningewapa nne, kwa sababu ya uzembe wa muda na mwendo wa kobe. Leo nawapa sita: tatu kwa dereva, mbili kwa tiketi, moja kwa kondakta pale Himo. Nne zilizobaki zimebaki Korogwe. Treni ya abiria ya Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, ni ya taratibu zaidi lakini ina choo ndani na nafasi ya kunyoosha miguu, na kwa mwenye goti kama langu hilo si jambo dogo. Ofisi ya kampuni niliiandikia Januari nikiomba mambo mawili tu, kwamba abiria wahesabiwe kwa sauti kila kituo na kwamba mapumziko ya Korogwe yawe dakika 40 katika wiki ya sikukuu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la kistaarabu, likisema maoni yangu yamepokelewa.

Kwa anayesafiri nao Desemba, akate tiketi kabla ya Novemba kwisha, aandike jina la kituo chake kwa kalamu nene kwenye kila furushi, na abebe chakula kutoka nyumbani. Akiwa na mzee, achukue viti vya mbele karibu na mlango, na Korogwe asimwache aende msalani peke yake.