Elfu sita zangu, na kuambiwa nirudi kwa vizibo

Ntaanza kuandika nikiwa bado na hasira, manake nikingoja zipoe sitaandika kitu. Kuna darasa moja la chesi huku Mombasa, ng'ambo ya Nyali, jina naliacha, wanaolijua wanalijua. Nimelipa elfu sita za mwezi mmoja, M-Pesa imesoma na meseji ninayo, na nilichorudi nacho nyumbani ni kuchekwa mbele ya watoto. Nyota moja. Na hiyo moja ni vile sufuri haiko.

Kwanza mjue mimi si mgeni wa kukaa mbele ya ubao. Nimekulia maskani, Majengo, drafti ya vizibo vya soda, wewe vyako vimelala mimi vyangu vimefunuka, kahawa chungu pembeni na watu sita nyuma wanakupigia kelele ucheze hivi usicheze vile. Chesi nilianza wakati ule wa kafyu ya korona, hakuna pa kwenda usiku, nikaweka Lichess, app ya kucheza chesi, kwenye simu kwa sababu ni bure, yani bure ya kweli si ile bure ya siku saba halafu wakukate. Nikajua kete zinavyokwenda, nikanogewa, nikaanza kulala saa nane za usiku. Mke wangu akawa anauliza huyo unayemchezea ni nani, ana jina? Namwambia ni mtu wa Brazil. Anasema mhm.

Sasa shida ikawa moja. Siendi mbele. Napanda nashuka, napanda nashuka, kama feri ya Likoni. Ile namba yangu ya uwezo, wengi tunaiita Elo (na kwa wale wanaodhani ni herufi za kifupi, hapana, Elo ni mtu, Arpad Elo, ndiye aliyetengeneza hesabu yenye jina hilo, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wakaanza kuitumia 1970) ilikuwa imekwama kwenye elfu moja na kitu, miezi na miezi. Usiku nacheza zile za dakika tatu tatu, napoteza nne mfululizo, nataka kulipiza, napoteza ya tano. Mtu akaniambia yakhe, tafuta mwalimu, hii huwezi peke yako. Ndio nikapelekwa huko Nyali.

Kochi ni kijana, sidhani amefika 27. Anacheza vizuri, hilo siwezi kumnyima, nimemuona akicheza na watu wanne kwa mpigo huku anatafuna bablish. Lakini kufundisha! Jumamosi ya kwanza katupa Sisiliani, moja ya njia za kufungua mchezo. Jumapili Sisiliani. Tena si Sisiliani ya kawaida, ni ile ya Najdorf, tukariri mpaka hatua ya 14, huyu akienda hapa wewe nenda pale, akitoka pale wewe jibu huku. Mimi muuza spea Mwembe Tayari. Nani hapo mtaani atanichezea Najdorf mpaka hatua ya 14? Hatua ya tatu tu mtu ashatoa kwini nje anatafuta chekimeti ya haraka pale f7 (kila mraba wa ubao una herufi na namba yake), yote niliyokariri yamekwisha kazi, natoa macho kama samaki wa Marikiti. Nikamwambia mwalimu, samahani, mimi naomba unifundishe kwa nini naachia kete bure, hayo mengine baadaye. Akanijibu "trust the process." Kwa Kizungu hivyo hivyo. Nikanyamaza, nshalipa.

Basi Jumamosi ya tatu, au ya nne, hapo sikumbuki vizuri, najua ilikuwa ile siku daraja la Nyali lilifunga kabisa na mimi nikashuka kwa matatu nikatembea kipande chote kwa jua. Nafika jasho limenilowesha shati, nimechelewa, wote washakaa. Kabaki binti mmoja hana mtu wa kucheza naye, miaka 11 au 12 hivi, mtandio wa buluu, miguu haifiki chini. Nikakaa. Nikapewa nyeusi.

Akafungua e4, nami e5. Akaleta d4, poni ya bure, nikala. Akaleta c3, bure tena, nikala. Akatoa bishopu yake akaiweka c4 kama vile haoni kuwa poni yangu imefika c3 na inatazama b2, nikala na hiyo b2. Moyoni nasema maskini mtoto wa watu, wazazi wanalipa na hafundishwi. Akaila ile poni kwa bishopu ya pili, taratibu, akaninyanyulia macho.

Mwenye kujua ashajua. Bishopu mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, moja inatazama f7, ya pili inatazama g7 kutoka kule mbali, na mimi sijatoa hata farasi mmoja, kazi yangu imekuwa kula tu. Nikampa cheki na bishopu b4, ya kujionyesha. Akaziba kwa farasi pale d2. Nikamla farasi. Naam, nimekula tena. Kwini yake ikachukua bishopu yangu, na mimi nikasogeza d6, poni ya utulivu, najiona nimemaliza mambo. Ile bishopu ya mbali ikashuka mpaka g7. Kula poni, na ruku yangu ya pembeni haina pa kukimbilia, imebanwa na farasi wangu mwenyewe. Nikanyoosha mkono nirudishe ile d6, maskani huwa tunarudisha ukisema samahani, binti akaniambia kwa sauti ndogo, "Anko, ukigusa umecheza."

Hapo ndipo kochi alipokuwa nyuma yangu. Sikujua amesimama kwa muda gani. Akasema kwa sauti ya kusikika darasa zima: "Mwaona huyu mzee? Anakula kila anachowekewa kama yuko harusini." Watoto wakaangua kicheko. Haikutosha. Akaongeza, Gukesh amekuwa bingwa wa dunia 2024 ana miaka 18, na wewe na umri wako bado unahesabu poni ulizokula, "mzee, rudi tu ukacheze drafti ya vizibo, huko kula ni lazima, hapa si lazima."

Jamani. Mimi nina miaka 41. Nina watoto. Yule ni umri wa mdogo wangu wa mwisho, na mdogo wangu akinisemea vile hata mama angemtoa nje. Huku kwetu mtu mzima hata akikosea unamvuta pembeni, unamwambia "kaka, naomba nikwambie kitu". Sasa huyu anafundisha watoto mchezo wa akili huku anawaonyesha kukosa adabu, hiyo akili itafaa nini? Na kibaya zaidi si yeye. Kibaya ni yule binti, alishika midomo asicheke, kisha akasema "pole, anko." Ile pole imeniuma kuliko maneno yote.

Nikamaliza mchezo, sikukimbia, nikafungwa vizuri nikampa mkono. Nikashuka ngazi. Chini pale kuna mama wa viazi karai, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimepita viazi karai bila kununua.

Usiku nikamtumia meseji ya heshima, nikamwambia mwalimu sitarudi, naomba unirudishie angalau nusu. Tiki mbili za buluu. Mpaka leo. Kwa hiyo ile nyota moja naomba niifute.

Lakini.

Sikutaka kuandika hii sehemu, ila roho haitulii. Usiku ule sikupata usingizi, nikauweka ule mchezo kwenye Lichess, kuna kitufe unabonyeza mashine inakuchambulia, Stockfish, nayo bure. Kumbe ule ni mtego wenye jina, gambiti ya Denmark, wa zamani kabisa. Mweupe anatoa poni mbili tatu anunue muda, bishopu zikae tayari. Na dawa yake ndiyo iliyonikalisha kitako kitandani. Dawa ni kurudisha. Baada ya yeye kuila ile b2, unasogeza d5, unampa. Bishopu ikiila, unatoa farasi f6, na hata akijitia ujanja wa kupiga f7 kwa cheki, mfalme akamla, kwini yake ikala kwini yako, wewe unampa cheki na bishopu b4 na kwini inarudi. Mchezo sawa, hakuna aliyepata. Nikaangalia ile d5 kama robo saa.

Manake mimi drafti ndiye mlishaji! Ndiyo sifa yangu maskani nzima. Nampa mtu kizibo kimoja, sheria inamlazimisha ale, anakula, nazoa vitatu na naingia kingi, watu wanarusha kofia. Yule binti alinifanyia kitu kile kile nnachowafanyia watu miaka 20, na sikuona, kwa sababu mkono wangu umezoea kuwa kikikaa mbele yako unakila. Hakuna swali. Kwenye drafti usipokula umevunja sheria. Chesi hakuna anayekulazimisha, ni mimi najilazimisha. Nikarudi kwenye michezo yangu ya nyuma, mmoja baada ya mwengine, mpaka adhana ya alfajiri, na karibu yote niliyopoteza kuna mahali nimekula kitu sikustahili kula. Poni ya pembeni, nimekwenda kuifuata na kwini mpaka pembe ya ubao huku mfalme nyumbani hana mlinzi. Bishopu ya bure, nyuma yake kuna farasi wa kunipiga uma, yani kushambulia kete mbili kwa mpigo.

Kwa hiyo yule mshenzi alisema kweli. Mwezi mzima wa Najdorf haukunisaidia chochote, sentensi moja ya matusi ndiyo iliyonisaidia. Elfu sita kwa sentensi moja, ni ghali au ni rahisi, sijui, hebu nisaidieni.

Tangu hapo nimebadilisha mambo. Zile za dakika tatu nimeacha, nacheza moja tu kwa siku, ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, moja tu, na nikipoteza naangalia nimepotezea wapi kabla sijalala. Asubuhi kabla sijafungua mlango wa duka nafanya mafumbo 10, si kwa haraka, yale ya uma na yale ya chekimeti ya mstari wa nyuma, hayo yananipata sana. Na kila nikiona kete ya bure nakunja mkono, wallahi naukunja kihalisi nauweka chini ya kwapa, nauliza: huyu amesahau au amenialika? Mara nyingi amesahau, na nakula kwa raha zangu. Zile mara chache alizonialika ndizo zilizonipandisha. Nimevuka elfu moja na mia tatu juzi juzi, nikamwonyesha mke wangu simu, akauliza hizo ni pesa?

Ni kidogo, najua. Kuna watoto wa shule za msingi wananipita. Lakini ni mimi niliyekuwa nimekwama, msinicheke, nshachekwa ya kutosha.

Basi nikampe kochi nyota tatu? Nlitaka. Nimeandika tatu nikafuta. Kwa sababu huwezi kunambia njia ya kumfundisha mtu ni kumvua nguo mbele ya watoto. Yule Mnigeria Tunde Onakoya alikaa New York 2024 akacheza saa 60 bila kulala ili watoto wa mitaa ya mabanda wachangiwe wasome, watoto ambao hata ubao hawajawahi kuuona, na sijasikia akiwaambia warudi kwenye vizibo. Huyu wangu anapokea M-Pesa na hajibu meseji. Kama mna mtoto mwenye roho ngumu mpelekeni, atatoka anacheza, yule binti ni ushahidi. Kama ni mtu mzima mwenye kazi zako na heshima zako, baki na Lichess, tafuta mzee wa maskani anayejua, mnunulie kahawa na kashata, atakwambia hayo hayo kwa lugha ya kistaarabu. Nyota mbili. Moja ni ya ile sentensi, na ya pili ni ya binti, kochi asidhani ni yake.

Na kama kuna mtu wa darasa lile anasoma hapa, hiyo nusu ya pesa nimesamehe, sitaki tena. Mwambieni yule binti tu, anko wa drafti anataka marudiano, achague yeye siku, nitakuja na nyeusi tena, aniwekee zake zote vile vile. b2 sigusi.