Tathmini: KMPDU na ofa ya shilingi 70,000

Nikiipima kama huduma kwa wanachama, namna chama cha madaktari nchini Kenya, KMPDU, kilivyoijibu serikali mwaka 2024 inastahili alama nzuri, ingawa si zote. Serikali ilipotaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, chama kilishikilia shilingi 206,400 za mkataba wa pamoja wa mwaka 2017, kikakataa kupatana upya bei ya jambo lililokwisha kutiwa saini. Mgomo ulioanza Machi ulikoma tarehe 8 Mei, na hapo ndipo ninapopunguza alama: mkataba wa kurejea kazini uliliacha suala la wanagenzi, kiini cha mgomo wenyewe, bila kutatuliwa. Makubaliano juu yake yalipatikana Desemba. Wagonjwa, ambao hawakuwa na kiti mezani, walikuwa wamekwisha kuumia.