Steshenari ya Soweto, Mbeya: herufi zote zilitoka

Nafundisha sekondari huku Uyole, na kila Alhamisi jioni nina klabu ya lugha. Muhula huu tulibandika ukutani neno "mtu" kwa lugha za nyumbani: umundu kwa Kinyakyusa, munu kwa Kihehe. Watoto waliuona undugu wenyewe. Nikataka waone na ukoo wa mbali, nikachagua Wamari wa Jamhuri ya Mari El, kule Urusi, kando ya mto Volga. Wanaishi na Kirusi kila siku, lakini lugha yao si ndugu wa Kirusi. Ni ya ukoo wa Kiurali, pamoja na Kifini na Kihungaria. Samaki kwao ni kol, Mfini anasema kala.

Kazi ikawa kuchapa. Kimari huandikwa kwa herufi za Kirusi na chache za ziada, kama ӱ na ҥ. Duka la kwanza nililokwenda walinitolea bango la A3 lenye viboksi vitupu palipotakiwa kuwa na herufi hizo. "Mwalimu, nani atajua?" Nililipa, nikatoka nalo kwapani roho ikiniuma. Neno la watu huwezi kuling'oa meno halafu ukasema ni lilelile.

Pale Soweto, kijana wa kompyuta aliniuliza, "Mwalimu, hii yenye mkono inasomwaje?" Nikamwambia ni ng' ya ng'ombe: еҥ, yaani yeng', ndiyo "mtu" kwa Kimari. "Kumbe tunayo!" Akabadilisha fonti mara tatu. Akachapa kwanza kwenye A4, tukakagua neno kwa neno, yeye kaweka kidole kwenye nukta mbili za вӱд, "maji" (vesi ya Wafini), kuhakikisha zote mbili zipo. Ndipo akatoa A3. Wino umekolea, nilipitisha kidole haukuchafua. Laminesheni ina kiputo kimoja cha hewa pembeni, hakijagusa maandishi.

Nililipa 4,000 kwa vyote, na ile A4 ya majaribio hakunidai. Nendeni asubuhi, maana mchana wanachuo wanajaa na printa ni moja. Bebeni kazi kwenye flashi ikiwa PDF.

Wiki ijayo nampelekea maneno ya Kisafwa, tuliyoyakusanya kwa bibi wa mwanafunzi wangu mmoja.