Monita ya kusomea eksrei: ipi ununue kwa kliniki yako hapa Uganda

Siku hizi kliniki kibao, kuanzia Kampala mpaka Mbale na Arua, zimeachana na filamu, eksrei inatoka dijitali moja kwa moja, alafu bosi akishamwaga mamilioni kwa mashine anasema monita chukueni yoyote ilioko stoo. Hapo ndo pesa inapotea, maana daktari anasoma skrini jamani, hasomi mashine. Ufa mwembamba kwenye ubavu au hewa iliyovuja kando ya pafu vinakaa kwenye tofauti ndogo sana ya kijivu, skrini ikizimeza hutajua hata kama zilikuwepo.

Msibabaishwe na 4K wala inchi. Ulizia mwanga kwanza. Miongozo ya Marekani, ile ya ACR, chama cha madaktari wa radiolojia wa huko, inataka angalau kandela 350 kwa mita ya mraba kwa anayetoa majibu, na 420 kwa mamografia, yaani eksrei ya matiti, wakati monita nyingi za ofisi ni kama 250 tu na hapo bado mpya. Pili DICOM Sehemu ya 14 (DICOM ni viwango vya picha za kitabibu), kanuni inayopanga ngazi za kijivu jicho lizitofautishe vizuri kuanzia gizani mpaka kwenye weupe, bila hiyo sehemu za giza zinashikana zote.

Kwangu namba moja ni monita ya kitabibu ya megapikseli 3, ya mtumba, EIZO RadiForce au Barco ya inchi 21 hivi. Ndio, mtumba. Mpya ni bora zaidi, hakuna ubishi, ila bei yake inatisha na kliniki nyingi za mtaani hazifiki. Hii ina pikseli 1536 kwa 2048, inasimama wima kama filamu ya kifua, na ile ya nyeusi na nyeupe tupu kwa eksrei mi naipenda kuliko ya rangi. Lakini fungua menyu uone imetumika masaa mangapi, maana taa za nyuma zinafifia polepole na macho yanazoea, muuzaji akianza kuleta hadithi ati menyu imefungwa, we ondoka. Uliza pia kama kadi yake ya grafiki iko ndani ya bei, laptopu ya kawaida inaweza kugoma kuiendesha.

Namba mbili ni ya kitabibu mpya ya megapikseli 2. Kwa CT na ultrasaundi iko sawa kabisa, kwa kifua itabidi uzungushe na kuvuta picha kila saa, inachosha.

Namba tatu, monita ya kawaida ya IPS, aina ya skrini isiyobadilika sana ukiiangalia kando, yenye kandela 350 kwenda juu, ukinunua na kidude cha USB cha kukalibreti, yaani kupima na kurekebisha skrini, na programu ya DICOM. Inamtosha daktari wa wodi anayeangalia picha ambayo ripoti yake ishatoka. TV za sebuleni mi siziweki hata kwenye foleni, zinaongeza kontrasti na kuchonga kingo zenyewe, unaweza kuona ufa ambao haupo. Simu na laptopu hivohivo. Na kama mnafanya mamografia, hakuna njia ya mkato, ni megapikseli 5.

Ukienda dukani beba flashi yenye picha ya majaribio ya TG18-QC, inapatikana bure. Ndani ya kiboksi cheusi kuna kingine chenye weusi uliopungua asilimia 5 tu, na kwenye cheupe kuna mwenzake. Usipoviona vyote viwili monita hio haifai, hata fundi akuapie kwa mama yake. Zima kwanza mwanga wa kujirekebisha wenyewe, alafu sogea kando uone kama picha inabadilika rangi.

Umeme wetu mnaujua, ukikatika unarudi kwa hasira, kwa hio bajeti iwe na UPS na stabilaiza toka mwanzo. Na fundi akija kufunga, monita isitazamane na dirisha, jua la saa saba likipiga kwenye kioo hata hio EIZO utasoma uso wako mwenyewe.